Majivu Kwenye Korongo la Harchong

"Theluji ya mwaka huu haina maji ndani yake."

Hakima aliyasikia maneno hayo kwenye chemchemi ya chini, ndoo yake ikiwa haijajaa, na tangu siku hiyo hayakumtoka. Aliyabeba hadi nyumbani pamoja na maji. Aliyakanda na unga wa shayiri, akayanywa na chai ya chumvi, akalala nayo na kuamka nayo. Yalimkaa kama kijiwe kiatuni kwa mtu aliyejitwisha mzigo: anakisikia kila hatua lakini hawezi kuinama akitoe. Na ni maneno hayo hayo, yasiyokuwa na mwenyewe, yaliyomfanya siku moja amtume binti yake Nargis, kwa kauli yake mwenyewe, hadi kwenye mdomo wa mlima.

Angekuwa mtu wa kupuuza angecheka. Theluji isiyo na maji! Ukiinua macho pale Harchong huoni kitu kingine isipokuwa hiyo theluji. Mlima ulikuwa mweupe toka kileleni hadi kwenye mapaa ya nyumba za juu, na korongo, ambalo ndilo linalowapa watu kila tone la mfereji wao, lilikuwa limejaa pomoni. Hata vijana wa idara ya maji waliopita wakati wa baridi kali, wenye bomba refu wanalolididimiza kwenye theluji kisha wakalitundika kwenye mizani kama wauza nyama, walikunywa chai kwake wakamwambia, "Mama, mwaka huu mna akiba nzuri." Redio ya dukani nayo ilisema hivyo hivyo.

Lakini mfereji ulikuwa mkavu.

Hapo ndipo akili ya Hakima ilipokwama. Nauroz, sikukuu ya mwaka mpya, ilikwishapita. Walikwishanyunyiza majivu kwenye theluji ya mashambani kama ilivyo ada, maana jua hupenda cheusi. Theluji ikayeyuka, wakalima, wakamwaga mbegu yote ya shayiri, hawakubakiza hata ya kutupia kuku. Sasa udongo ulikuwa umeanza kufanya ganda juu, na shomoro walishinda shambani wakidonoa kama wamealikwa. Maji ya kwanza yasipofika upesi, mbegu ingefia humo humo ardhini. Na kutoka korongoni ulitiririka uzi tu, mbuzi mmoja angeumaliza na kuulizia mwingine.

Akampigia simu mumewe, Ghulam Mehdi, aliyekuwa mjini Skardu akichoma mikate kwenye tanuri la watu.

"Baba Nargis, wanasema theluji haina maji."

"Wanasema nani?"

"Watu."

"Watu gani? Mimi hapa naiona milima imezama kwenye theluji hadi kiunoni."

"Hata mimi naiona. Nimekuuliza maji, si rangi."

"Baridi haijaondoka, Mama Nargis. Mngojee Haji Shaban aseme."

"Haji Shaban ndiye atakayekula mkate wangu mkavu?"

"Mke wangu, mikate inaungua huku."

"Ungua nayo," Hakima akasema, akakata simu, kisha akajuta, kisha akakasirika kwa kuwa amejuta.

Haji Shaban alikuwa mgawa maji. Yeye ndiye aliyepanga zamu za mfereji, nyumba hadi nyumba, na yeye ndiye aliyeijua sheria ya majivu. Shambani kwako nyunyiza utakavyo. Lakini theluji ya korongo ni ya watu wote. Ikiwa mwaka umekuwa mgumu sana, mgawa maji huita siku moja, nyumba zote zikapanda pamoja asubuhi, theluji ikiwa bado ngumu kama ubao, wakanyunyiza ukingo wa chini peke yake, kidogo, kama mtu anavyotia chumvi kwenye chai. Juu hapaguswi. Juu ni akiba ya mwezi wa mavuno.

Hakima alimkuta ameketi ukutani mwa shamba lake, fimbo katikati ya magoti.

"Haji, utaita lini?"

"Sijui, mwanangu."

"Hujui?"

"Naiona ni nyingi. Kila asubuhi nachoma fimbo, inagonga, tok! Haijalainika. Mwaka huu hata mimi sielewi. Tungoje."

Laiti Haji angemkaripia, Hakima angerudi nyumbani akiwa na wa kumlaumu. Lakini mgawa maji mzima anaposema haelewi, mwanamke aliyeishia darasa la tano afanye nini? Njiani alipishana na jirani yake wa juu, Zahra, aliyemwita Ashe kwa kuwa alimzidi umri, kama mtu anavyomwita dada yake mkubwa. Zahra alikuwa na ulimi wa kukata ngozi.

"Umetoka kwa Haji? Amekwambia ungoje?"

"Ameniambia."

"Ngoja basi. Mimi nimesikia kwamba hicho kidogo kilichomo ndani ya hiyo theluji kitamfaa wa kwanza tu. Wa pili atalamba mawe." Akaenda zake, akipukuta mikono. Mikono ilikuwa myeusi.

Hakima alikuja kuikumbuka mikono hiyo usiku, wakati amekwisha kujaza majivu ya baridi nzima kwenye matenga mawili ya mgongoni.

Alfajiri, baada ya sala, alimwamsha Nargis. Binti alikuwa na miaka kumi na mitano, na alikuwa ndiye mtoto wa mwisho aliyebaki nyumbani. Mama mkwe, Api Rozi, alifungua jicho moja chini ya blanketi, akauliza wanakwenda wapi. "Kutafuta mbuzi," Hakima akajibu.

"Mama, Haji hajaita," Nargis alisema walipoanza kupanda.

"Haji hana watoto wa kulisha."

"Haji ana wajukuu wamejaa hadi darini."

"Nyamaza upande."

Walipofika nyuma ya jiwe kubwa lililo chini ya korongo, mtu alikohoa. Akatokea Zahra, tenga mgongoni, uso umejaa masizi kama sufuria.

"Assalamu alaikum," alisema Zahra.

"Wa alaikum salaam, Ashe. Mbona mapema?"

"Namtafuta mbuzi wangu."

"Ee. Na sisi wetu amepotea."

Wakatazamana. Zahra akalitazama tenga la Hakima. "Na hayo majivu?"

"Mbuzi wetu anayapenda."

Nargis alicheka hata akaketi kwenye theluji. Ndipo alipoinua kichwa, kicheko kikamkauka. "Mama. Tazama."

Palikuwa pamepambazuka. Korongo, kuanzia ukingo wa chini hadi katikati, lilikuwa na mabaka meusi. Baka hapa, baka pale, jingine limetandazwa kwa uangalifu kama shuka la kitandani. Hakima mwanzoni alidhani ni vivuli vya mawe, lakini mawe gani hayo? Nyayo zilikwenda kila upande.

"Kila nyumba imepoteza mbuzi," alisema Nargis.

Hakima alisimama pale na tenga lake, asijue acheke au alie. Kama wote wamekuja, basi hakuna aliyemwibia mwenzake. Kama hakuna aliyeiba, mbona wote wamekuja kwa kujificha? Alitamani kurudi. Lakini Zahra alikuwa anapanda juu zaidi, na mguu wa Hakima ukamfuata wenyewe. Wakafika hadi kwenye shingo ya korongo, ile akiba ya juu, ambako hapakuwa na baka hata moja, wakamwaga. Hawakumwaga kama chumvi. Walimwaga kama watu wanaotua mzigo.

Baada ya hapo baridi iliondoka ghafla, kama mgeni aliyetukanwa. Jua likawaka bila wingu, hata usiku theluji haikuganda, na asubuhi moja watoto walipita wakipiga kelele: maji! Yalikuja meusi kama maji ya kuoshea masufuria, vipande vya mkaa vikielea juu yake, na wanawake waliyashangilia kama arusi. Hakima akawaza, basi theluji ilikuwa na maji. Kisha akawaza, la, ni majivu yetu yaliyoyatoa. Hayo mawili yalipigana kichwani mwake na hakuna lililoshinda.

Zamu ya kwanza ilikuwa ya Zahra, ya pili yake. Zahra alipomaliza, Hakima alifungua lango la shamba lake kwa sepetu, maji yakaingia, udongo ukayanywa kwa sauti. Nargis alivua viatu akakimbia mbele ya maji akiyaelekeza kwa vidole vya miguu. Walikuwa hawajafika nusu ya shamba, jua likiwa limesimama utosini, maji yakapungua. Yakawa kamba. Yakawa uzi. Yakakatika.

"Zahra," Hakima akasema.

"Mama, labda…"

"Labda nini? Ameyafunga. Ameona shamba lake halijatosheka. Vaa viatu. Chukua sepetu upande hadi kwenye banio, uone alichokifanya, ufungue. Na ukimkuta mwambie nimesema mbuzi wake ameonekana, yumo mfukoni mwake!"

Nargis alicheka akaondoka. Hakima alimtazama akipanda kijia cha mfereji, kitambaa chake chekundu kikipungua ukubwa, kuelekea pale mfereji unapochukua maji kutoka korongoni. Alikuwa na hasira, na hasira ilimpa raha, kwa kuwa ilikuwa ni kitu cha kwanza mwaka ule alichokielewa.

Hakukaa sana akamwona Haji Shaban anakuja mbio. Mzee yule, na fimbo ameitupa.

"Maji yamekatika kwako?"

"Nenda kamuulize Ashe Zahra."

"Zahra amepita kwangu anakutukana wewe! Anasema mfereji umekauka hata langoni kwake, eti umeutoboa juu, umehamisha maji. Naye amepanda kwenda kuangalia."

"Mimi? Mimi niko hapa!"

"Nani mwingine yuko juu?"

"Nargis."

Haji Shaban alishika ukuta. "Mwanangu, jua likiwa hivi maji hayapungui. Yanatakiwa yaongezeke. Yakikatika mchana wa jua kali, hakuna aliyeyafunga. Theluji imeporomoka huko juu ikaziba korongo, na nyuma yake yanajaa."

Hakima hakungoja mwisho. Alikimbia. Alikimbia akiita jina la mtoto, na kwa mshangao wake korongo lilikuwa kimya kabisa, hata shomoro walikuwa wamenyamaza. Alipofika kwenye kona ya mierebi aliinua macho, na alichokiona hakukielewa. Aliona korongo linatembea. Si maji na si theluji: uji mzito wa kijivu, wenye mawe na majivu ndani yake, ukishuka taratibu kama ng'ombe wengi wanaosukumana, kisha si taratibu tena. Sauti ilifika baadaye. Ilimpiga kifuani akaketi chini bila kutaka.

Uji ulipita pale palipokuwa na banio. Ulipopita, hapakuwa na banio.

Hakima aliita. Vumbi la baridi lilimjaa mdomoni. Aliita tena. Hakujua kama masikio yake yamekufa au dunia imekufa. Alianza kupanda kwa mikono na magoti, akisema maneno ambayo hakuwa akiyasikia, akimwahidi Mungu shamba, na mbegu, na kila alichonacho, na mara akasikia sauti ya mtu anatukana.

Hakuna tusi lililowahi kuwa tamu namna hiyo. Lilikuwa la Zahra. Alikuwa ameketi juu ya mwamba ulio kando ya korongo, amemkumbatia Nargis, na mkononi bado ameshika msuko wa nywele za binti.

"Mtoto wako hana adabu!" alipiga kelele alipomwona Hakima, machozi yakimchuruzika kwenye vumbi la uso. "Ananiambia mbuzi! Nimemshika nywele nimpige! Nimemshika nimpige, ndipo nikasikia mlima, nikamvuta…"

Nargis alikuwa mweupe kama unga. "Banio lilikuwa wazi, Mama," alisema. "Lilikuwa wazi kabisa. Hapakuwa na maji tu. Tulikuwa tunagombana kwa nini liko wazi."

Kisha Hakima akauona mguu wa kushoto. Mwili wote ulikuwa umefika mwambani isipokuwa mguu huo, ambao uji uliupata ukausaga kwenye jiwe. Walimshusha kwa blanketi. Hospitali walifanya walivyoweza. Hadi leo Nargis hutembea kama anayepima kila jiwe kabla ya kulikanyaga.

Majira yale yalikuwa ya ajabu. Chini ya korongo maji yalinguruma usiku na mchana, meusi, mengi, yakienda zake kwenye mto mkubwa bila kuaga. Na juu ya kingo zake mashamba ya Harchong yalikauka, kwa kuwa mfereji haukuwa na mdomo wa kunywea. Wanawake walisimama na madumu wakichota maji na kupandisha mlimani, wakimwagia shayiri kikombe kikombe kama wanaonywesha wagonjwa. Nyingine ilipona, nyingi haikupona. Ghulam Mehdi na wanaume wengine walirudi kutoka mjini wakajenga banio jipya. Lilipokamilika walilifungua, wakangoja. Yalikuja maji kidogo, kisha hayakuja. Shingo ya korongo, ile ambayo kwa kawaida hubaki nyeupe hadi mavuno, ilikuwa jiwe tupu.

Wahenga wamesema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lilikuwa limekuja. Theluji ya mwaka ule haikuwa na maji. Walikuwa wameyatoa wenyewe.

Hakima alitaka kujua ni nani aliyelisema. Alimuuliza Zahra, ambaye sasa alikuwa anakuja kila siku na siagi ya mguu wa Nargis. Zahra alisikia kwa mke wa mwenye duka. Mke wa mwenye duka alisikia kwenye chemchemi. Kwenye chemchemi walisema, "Si tulilisikia kwenu?"

"Kwetu wapi?" Hakima alifoka jioni hiyo, akiukanda mguu wa binti yake. "Nyumba hii nani kasema theluji haina maji?"

Api Rozi aliacha kuchambua kokwa za aprikoti kavu. "Ni mimi," alisema.

"Wewe, Api?"

"Wakati wa baridi kali, njia ya chemchemi ilipofungwa. Nilimwambia mtoto ajaze theluji kwenye sufuria nipate chai. Sufuria tele! Ikayeyuka, ikatoka kikombe kimoja. Nikasema, theluji hii haina maji. Nilikuwa na kiu, mwanangu! Theluji mpya siku zote iko hivyo, ni upepo mtupu mpaka ijishindilie. Kila mtu anajua."

"Na nani aliyelitoa nje?"

Nargis alikuwa anautazama mguu wake. "Nilikuwa nawachekesha tu wenzangu kwenye chemchemi," alisema polepole. "Niliiga sauti ya Api. Walicheka sana."

Hakima aliendelea kukanda. Alitafuta wa kumkasirikia humo ndani, akamkosa. Ajabu yake ni kwamba lile neno la nyumbani kwake, aliporudishiwa kwenye chemchemi, hakulitambua. Lilikuwa limekua, limevaa nguo za watu, limeingia kwake kama mgeni wa heshima naye akalikaribisha.

Theluji imeanguka tena Harchong, na wale vijana wa bomba na mizani wamepita. Wamesema ni nyingi. Hakima hajui afurahi au aogope. Anaitazama, na inamtazama. Lakini yapo machache anayoyajua, na kila bibi arusi anayeletwa kijijini humwambia, apende asipende, na wanaotaka kucheka humcheka:

Usipeleke kwenye chemchemi neno usilojua limetoka wapi.

Usipime theluji ya mlima kwa sufuria.

Usinyunyize majivu korongoni kabla mgawa maji hajaita, hata kama majirani wote wanatafuta mbuzi.

Usiguse theluji ya shingo ya korongo mwaka wowote ule.

Usipande korongoni jua likishakuwa juu.

Usitembee kwenye theluji ambayo usiku haikuganda.

Maji yakikatika mchana wa jua kali, usiseme ni mwizi. Usipande kuangalia. Ondoka bondeni.

Na usimtume mtoto.